Kwenu Kuna Mwenye Pumu?

Nilimdanganya muuguzi, tena bila kupepesa macho. Mtoto wangu wa tatu alikuwa na miezi mitano, mashavu yamechubuka na kutoa majimaji, mikunjo ya viwiko imekakamaa, na usiku hakuna aliyelala nyumbani kwa jinsi alivyojikuna. Muuguzi alikuwa na fomu mezani. "Mama, kwenu kuna mwenye pumu? Au mafua yasiyoisha, au ngozi kama hii?" Kushoto kwangu alikuwa ameketi mama mkwe, mkoba magotini. Nikajibu, "Hapana, sista." Akatia alama ya mkasi, akaendelea na swali la maji ya kunywa.

Ukweli ni huu. Mama yangu mzazi, kule Busia, kila msimu wa kupepeta mtama alikuwa akilala ameketi, mito imerundikwa mgongoni, kifua kinapiga filimbi mpaka alfajiri. Kaka yangu alisoma shule ya msingi akiwa amevaa soksi ndefu jua likiwaka, kuficha nyuma ya magoti. Na mimi mwenyewe nikifungua sanduku la nguo zilizokaa muda mrefu, hupiga chafya mpaka machozi yanitoke. Hayo yote niliyameza kwa neno moja.

Kwa nini? Kwa sababu swali lile nilikuwa nimeshaulizwa zamani, na si hospitalini. Kabla sijaolewa, shangazi wa upande wa mume alifika kwetu eti kusalimia, akakaa siku mbili. Kila mtu alijua anachotafuta. Kifafa, ukoma, wazimu, pumu. Mama alikunywa dawa yake chooni siku zote mbili. Sasa miaka sita baadaye daftari la serikali linaniuliza swali la shangazi, mama mkwe akiwa anasikia. Ulitarajia nijibu nini?

Tangu mtoto apate nafuu nimekuwa nikisoma kuhusu utafiti wa ukurutu, ndio ule ugonjwa wake wa ngozi, na magonjwa ya aleji, kwa udadisi tu wa mzazi aliyekosa usingizi. Kinachonikera ni kwamba karibu kila utafiti wa familia unaanza na swali lile lile, huku jibu lake likichukuliwa kama kipimo cha damu. Kwetu si kipimo. Ni jambo la heshima ya ukoo, na heshima hulindwa.

Na swali lenyewe si la kupuuzwa. Watafiti wa Denmark waliwahi kulinganisha mapacha: mapacha wa kufanana kabisa walishirikiana ukurutu mara nyingi zaidi kuliko mapacha wasiofanana. Kwa hiyo damu ina neno hapa. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, na wenzao walionyesha neno mojawapo ni lipi. Kuna jeni inayotengeneza protini ya kuimarisha ngozi, iitwayo filagrini, na kwa watu wengine jeni hiyo ina hitilafu. Fikiria nyumba ya udongo ambayo fundi amesimamisha fito vizuri lakini akakandika kwa uvivu. Unyevu wa ndani unatoka, vumbi na sabuni vinapenya, na kinga ya mwili, kama mlinzi aliyezoea kushtuka, inapiga kelele kwa kila kinachopita. Ndiyo maana ugonjwa unaoanzia shavuni kwa mtoto mchanga unaweza kufuatwa na aleji ya chakula, kisha pumu, kisha mafua ya kila msimu. Si kwa kila mtoto, lakini kwa wengi kiasi kwamba madaktari wameupa mwendo huo jina la maandamano.

Sasa sikiliza. Hitilafu zile za filagrini hubebwa na karibu mtu mmoja kati ya kumi huko Ulaya kaskazini. Zilipotafutwa kwa Waafrika, Ethiopia ikiwemo, zilionekana kwa nadra sana. Lakini watoto wetu wanajikuna vile vile! Maana yake ufunguo wa Dundee haufungui mlango wetu, na wa kwetu bado unatafutwa. Utapatikana wapi kama si kwenye koo zetu, kwa kuuliza nani alikuwa na nini, upande wa nani? Hapo ndipo ile "hapana" yangu inaponiuma.

Uganda yetu si nchi ya kuazima majibu katika jambo hili. Pale Entebbe, kati ya 2003 na 2005, waliandikishwa wajawazito 2,507 katika utafiti wa dawa za minyoo. Wengine walipewa albendazole, wengine praziquantel, wengine vidonge visivyo na dawa, bila mama kujua amepata kipi. Watoto wakafuatiliwa. Lililojitokeza halikufurahisha: watoto wa waliokunywa albendazole wakiwa wajawazito walipata ukurutu zaidi utotoni. Na akina mama waliokuwa na minyoo ya safura wakati wa ujauzito, watoto wao walikuwa na ukurutu pungufu. Dk. Harriet Mpairwe na wenzake waliandika hayo mwaka 2011 na miaka iliyofuata, na wakaonyesha hata kwamba safura ya mama hubadilisha jinsi visababishi vingine vya ukurutu vinavyofanya kazi kwa mtoto.

Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Mnyoo, adui wa miaka yote, kumbe alikuwa akimbembeleza mlinzi wetu mwenye mshtuko asipige kelele. Mwingereza David Strachan alikuwa ameanza kuupapasa ukweli wa namna hiyo mwaka 1989, alipoona kuwa watoto waliokulia katika familia kubwa hawapati mafua ya chavua kama wale wa familia ndogo. Akadhani ni uchafu kidogo na maambukizi ya kugawana ndugu kwa ndugu. Bibi yangu aliyezaa tisa angemwambia bila kuhesabu.

Lakini naomba nisieleweke vibaya, maana nimeshamsikia mtu sokoni akisema albendazole inaleta pumu ya ngozi, yaani ukurutu, kwa hiyo mwanawe hatampeleka siku za afya ya mtoto za Aprili na Oktoba. Si hivyo. Watoto wale wale wa Entebbe walipofika miaka 9, tofauti kati ya makundi katika magonjwa ya aleji haikuonekana tena. Halafu katika visiwa vya Koome, ziwani Victoria, vijiji 26 vya wavuvi viligawanywa, vingine vikapewa dawa za minyoo mara nyingi zaidi kwa miaka 3. Hapakuwa na ongezeko la vifua vinavyopiga filimbi kwa sababu ya dawa. Safura inakausha damu ya mama na mtoto. Hakuna mtafiti wa Entebbe aliyesema ifugwe.

Utafiti mwingine wa hapa, wa wanafunzi wenye pumu wilayani Wakiso, uliona kwamba aliyezaliwa mjini yuko hatarini kuliko aliyezaliwa kijijini. Nami nilizaa wote watatu mjini. Sina la kuongeza hapo.

Turudi kwenye uongo, maana una mizizi mirefu kuliko mama mkwe wangu. Katika nchi hii ngozi ina historia yake. Walioishi miaka ya themanini na tisini wanakumbuka silimu, jina la UKIMWI wakati ule, na wanakumbuka kwamba watu walisomwa kwa ngozi. Vipele vya kuwasha mikononi na miguuni vilikuwa hukumu. Aliyekuwa na ukurutu wa kuzaliwa nao, mtu mzima mwenye viwiko vyeusi vilivyoota sugu, alivaa mikono mirefu, akaacha kwenda harusini. Baadaye, mwaka 2004, utafiti uliofanywa hapa Uganda ulichunguza vipele vile vya watu wenye virusi na kuona vinafanana na majeraha ya kuumwa na wadudu, kinga iliyovurugika ikizidisha mwasho. Wadudu! Lakini nani alirudi kuwaambia watu waliokwisha kuhukumiwa? Mtu wa rika la mama mkwe wangu, ukimuuliza "kuna mwenye ugonjwa wa ngozi kwenu?", hasikii swali la aleji. Anasikia mazishi.

Ndiyo maana nadhani namna ya kuuliza ina uzito sawa na maabara. Na hili watafiti wakubwa walishalijua. Uchunguzi wa dunia wa pumu na aleji za watoto ulioanza mwaka 1991 uligundua kuwa mlio wa kifua hauna jina moja katika lugha zote, wakatengeneza video: unaonyeshwa mtu anayepumua kwa shida, unaulizwa, "Umewahi kuwa hivi?" Hakuna jina la ugonjwa wala aibu ya ukoo. Kuhusu ngozi waliuliza mahali: mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, mbele ya vifundo vya miguu, chini ya makalio, shingoni, masikioni, machoni. Mwasho unaokuja na kuondoka kwa miezi sita. Muuguzi wangu angeniuliza hivyo, "Nani kwenu alikuwa akijikuna nyuma ya magoti?", ningejibu kabla sijafikiri. Soksi za kaka zingejisema zenyewe.

Video na picha zenyewe ziwe za kwetu, lakini. Vitabu vingi vinasema ukurutu ni wekundu. Kwa mwanangu wekundu haukuwepo; kulikuwa na weusi wa kijivu, vipele vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, kisha mabaka meupe yaliyobaki baada ya kupona. Kwanza tuliambiwa ni upele, tukapakwa dawa ya upele familia nzima, sabuni na mashuka yakachemshwa, mtoto akazidi. Simlaumu aliyesema hivyo, alifundishwa kwa picha za watoto wa kizungu. Pale Moshi, Tanzania, tangu mwaka 1992 kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi wa Afrika nzima, na natamani kila zahanati ipate mmoja aliyepita pale.

Na jina. Mke wa dereva wa lori, Mtanzania, tulipokutana mpakani alimtazama mwanangu akasema, "Hiyo pumu ya ngozi. Kwenu kuna pumu?" Aliyebuni jina hilo hakuwa na darubini, lakini alishaona kwamba vitu hivi viwili hutembea kwenye ukoo mmoja. Mimi nalipenda kuliko ukurutu, ingawa najua ubaya wake: mzazi akisikia pumu anadhani mwanawe atakufa kwa kukosa pumzi, na watoto wengi wenye ngozi hii hawapati pumu kamwe. Cha ajabu, mama yule nilimjibu kweli. Hakuwa na fomu, wala hakuwa na undugu na mtu wangu yeyote.

Kuna swali jingine la fomu linalovuna uongo, nalo ni la dawa za kienyeji. Mama mkwe ni Muganda, na mtoto wa Kiganda huogeshwa kwenye beseni la ekyogero, maji ya majani mchanganyiko, ili ngozi iwe laini na bahati imfuate. Muuguzi aliuliza kwa sauti ya kukataza. Tukasema hatutumii. Pengine majani yale yalimsaidia mwanangu, pengine yalimchoma; hakuna aliyeweza kujua, kwa sababu kwenye karatasi hayakuwepo. Wala hatukutaja krimu ya duka la dawa iliyomng'arisha mtoto kwa siku nne na kumrudisha vibaya zaidi, krimu ya steroidi kali iliyouzwa bila maelezo. Kilichotusaidia mwishowe kilikuwa cha kuchosha na cha bei nafuu: mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato, mara kadhaa kwa siku na mara tu baada ya kuoga, sabuni ya harufu kando, na krimu ya steroidi hafifu kwa siku chache chini ya macho ya daktari. Mafuta hayo hutibu ukavu, hayazuii ugonjwa kuzaliwa. Uingereza walijaribu kuwapaka watoto wachanga kila siku kwa mwaka mzima, na mwaka 2020 wakatangaza kwamba walipofika miaka miwili, 23 kwa mia walikuwa na ukurutu, dhidi ya 25 kwa mia wa wasiopakwa. Karibu sawa.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa akimpaka usiku, zamu yangu ilipoisha. Usiku mmoja, mtoto amelala, mikono yake bado ina mafuta, akasema bila kunitazama kwamba dada wa marehemu mumewe alirudishwa kwao kwa ngozi kama hii. Waliambiwa amerogwa. Kisha akataja binti yake mwenyewe, wifi yangu, anayepulizia dawa kifuani kwa siri mpaka leo, mume wake hajui. Nami nikamwambia habari za mama, mito na mtama. Tukanyamaza. Akauliza kama kaka yangu bado anavaa soksi.

Mwezi uliopita tulirudi kliniki. Fomu ni ile ile, muuguzi mwingine, kijana. Alipofika kwenye swali, mama mkwe ndiye aliyeanza, na watu wake wawili. Mimi nikafuata na watatu, nikijihesabu. Kisanduku kilikuwa kimoja, cha ndiyo au hapana. Kijana akatazama kalamu yake, akageuza karatasi, akaanza kuandika nyuma.