Karatasi za Ohio na Ubao wa Kisonge

Wazanzibari tulioko Marekani hupenda kusema kwamba wenzetu huku wanabishana siasa kistaarabu na sisi nyumbani tunatukanana. Si kweli. Septemba 2016 Hillary Clinton aliwaambia wachangiaji wake New York kuwa nusu ya wafuasi wa Trump ni watu wasiofaa kitu. Mwaka 2012 Mitt Romney alirekodiwa kwa siri akisema asilimia 47 ya wananchi wanaitegemea serikali na wanajiona wameonewa. Novemba 2023 Trump naye akawafananisha mahasimu wake wa mrengo wa kushoto na wadudu na panya. Ubao wa maskani ya Kisonge, baraza la wana-CCM pale Michenzani, Unguja, haukuwahi kuwashinda hawa kwa ukali. Ila huku upo utaratibu mmoja wa kuwakalisha mahasimu pamoja, ambao nyumbani tungeweza kuuiga kwa marekebisho.

Dharau ya kila siku huku ni laini zaidi, na ndiyo inayouma. Mdemokrati wa mjini humsikitikia mkulima wa Ohio kwamba anaipigia kura hasara yake mwenyewe. Mrepublikan naye husema kijana aliyetoka chuo kikuu kalishwa maneno na walimu wake. Hakuna anayemuuliza mwenzake. Mwaka 2018 watafiti Douglas Ahler na Gaurav Sood walionyesha matokeo yake: Wamarekani walikisia kuwa asilimia 38 ya Warepublikan wana kipato cha zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka, kumbe ni asilimia 2. Walikisia pia kuwa asilimia 32 ya Wademokrati ni mashoga, wasagaji au wanaovutiwa na jinsia zote mbili, kumbe ni asilimia 6. Watu wanamchukia jirani wa kubuni. Hawakutani: mashamba ni ya chama kimoja, miji ni ya chama kingine. Mwaka 1960 ni kiasi cha mzazi mmoja katika ishirini aliyesema angeudhika mwanawe akioa au kuolewa chama cha pili. Ilipofika 2010, karibu nusu ya Warepublikan na theluthi ya Wademokrati walisema hivyo.

Kwetu ugonjwa una chanzo kingine. Sisi tunajuana kupita kiasi. Anayekaa Kisonge na anayekaa Jaws Corner, baraza la wapinzani Mji Mkongwe, wanaweza kuwa wajukuu wa bibi mmoja, kwa hiyo dharau yetu haikosei kipato cha mtu, inakwenda moja kwa moja kwenye asili yake. Kijana wa upinzani aliyezaliwa 1995 anaitwa Hizbu, jina la chama kilichoundwa 1955 na kufutwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Upande wa pili unajibu kwamba huyo wa kijani, mtu wa CCM, kanunuliwa kwa kanga na kofia, yaani hana akili ya kuchagua mwenyewe. Huku Marekani mwisho wa dharau mara nyingi ni kukatiana simu. Kwetu ni kususiana, tangu zama za siasa, kabla ya Mapinduzi, na tena baada ya vyama vingi kurudi: harusi, duka, gari la abiria, mpaka maziko, na Pemba ndiko kulikoumia zaidi. Baada ya uchaguzi wa 2015 ziliripotiwa habari za wanawake walioachwa na waume zao kwa sababu ya kura.

Sasa utaratibu wenyewe. Desemba 2016, mji mdogo wa South Lebanon, Ohio, walikutanishwa watu 10 waliompigia Trump na 11 waliompigia Clinton. Kikundi kilichozaliwa pale leo kinaitwa Braver Angels, na zoezi lake lilibuniwa na Bill Doherty, mtaalamu wa kusuluhisha wanandoa wa Minnesota. Inaonekana wazi kwamba ni kazi ya msuluhishi wa ndoa: hakuna anayetakiwa kumshinda mwenzake.

Pande mbili zenye watu sawa, baina ya watano na wanane kila upande, zinatengwa vyumba viwili. Kila upande unaandika kwenye karatasi kubwa mambo ambayo wenzao wanawadhania *wao*. Wekundu, yaani Warepublikan, huandika: wabaguzi, hawajali maskini, wanapinga sayansi. Bluu, yaani Wademokrati, huandika: hawana dini, hawaipendi nchi, wanajiona wasomi. Wanachagua manne yanayouma zaidi. Kwa kila moja wanajibu maswali mawili: ukweli wetu ni upi, na katika tuhuma hii kuna chembe gani ya kweli? Kisha wanarudi pamoja, msemaji wa kila upande anasoma, na wanaosikiliza wanakaa kimya. Zoezi la pili ni la duara ndani ya duara. Walio ndani wanaeleza kwa nini siasa yao ina faida kwa nchi, na ni kitu gani kinawatia wasiwasi katika upande wao wenyewe. Walio nje hawasemi neno mpaka zamu yao ifike.

Chembe ya kweli ndiyo moyo wa kazi, na ndipo inapoharibika. Watu huigeuza sifa: "Tunaitwa wakali kwa sababu tunasema ukweli." Hapo msimamizi asipite, aulize ni kitendo gani cha upande wao kilichompa mtu sababu ya kuamini hivyo, na kiandikwe kwa jina lake. Kosa jingine ni kundi kuanza kuandika wanavyowaona wenzao badala ya wanavyoonwa, na karatasi ikawa ubao wa maskani. Tatu ni hesabu. Wahafidhina wengi huona mwaliko kama mtego wa kubadilishwa, hawaji, na Bluu kumi wakizungumza na Wekundu watatu hilo ni baraza la kesi.

Nyumbani tulikuwa na Maridhiano. Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa chama cha upinzani, CUF, walikutana Novemba 2009, na Julai 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura wakaridhia serikali ya umoja wa kitaifa. Naiheshimu sana kazi ile. Lakini ilikuwa ya viongozi. Mtaani hakuna aliyekalishwa na kuulizwa kwa nini alimsusia jirani yake maziko. Uchaguzi ulipofutwa Oktoba 2015, majina yale yale yakarudi midomoni kama hayajawahi kuondoka.

Zoezi la Ohio likipelekwa Unguja au Pemba kama lilivyo litakwama. Lisifanywe hotelini kwa posho, maana watakuja wanaofuata posho. Skuli ya shehia inatosha. Sheha asiwepo, kwa sababu ndiye anayethibitisha nani ni mkaazi, na hapo unaingia moja kwa moja kwenye haki ya kupiga kura. Wanawake wakae peke yao kwanza. Mke hatasema la moyoni mbele ya mume anayeweza kumwacha. Simu zikusanywe mlangoni: kipande cha sauti kitafika London na Maskati kabla kikao hakijafungwa, na sisi tulio nje ndio tutakaokichochea, sisi ambao hatuna kura huku nje na hatutasusiwa na mtu.

Na kuna jambo ambalo utaratibu wa Ohio haukulifikiria, kwa sababu pale pande zote mbili zinalala nyumbani salama. Kwetu upande mmoja una polisi na upande mwingine una makaburi. Januari 2001 watu walipigwa risasi, na maelfu wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mtu wa upinzani hawezi kusimama kwanza akataja kasoro za chama chake mbele ya wenye serikali. Hilo kwake ni ushahidi dhidi ya nafsi yake. Kwa hiyo hapa pasipigwe shilingi kuamua nani aanze. Wa CCM wasome karatasi yao kwanza, pamoja na chembe zao za kweli, 2001 ikiwemo. Wakishindwa kuiandika, kikao kiahirishwe, na wapinzani wasilazimishwe kusoma yao.