Mlinzi wa Mahindi ya Umma

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Kikundi chetu cha wakulima wa Tabora mjini kilikishika kifungu hicho kuliko mawakili, kwa sababu eneo tuliloazimwa na serikali ya mtaa lilikuwa kiwanja cha wazi, ambacho kabla yetu kilikuwa cha nyasi, mbuzi na timu ya chandimu. Tuliruhusiwa kupanda mchicha, karanga na viazi vitamu, lakini mahindi tulikatazwa, kwa kuwa mazao marefu mjini huwa maficho ya wezi.

Sharti hilo lilimkera mzee mmoja wa kikundi, ambaye mwaka 1974, ilipotangazwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, alikuwa kijana wa kushika jembe. Alisema hajapata kumwona Mnyamwezi akipiga matuta halafu ayanyime mahindi. Basi mvua za Novemba ziliponyesha, katikati ya viazi kukachomoza mistari ya mahindi ya mbegu ya kienyeji aliyoitoa kwao Sikonge, yale ambayo punje zake nyeupe huchanganyika na za zambarau. Mwenyekiti wa mtaa alipita, akayatazama yalivyofika kiunoni, akasema viazi vimestawi.

Yalipoanza kukomaa, yakaanza kupungua. Kikao kikaniteua mlinzi wa usiku, kwa hoja kwamba sina mke wa kuniuliza nimelala wapi, hoja ambayo hadi leo naiona ya uonevu. Jambo ambalo hakuna aliyetuambia ni kwamba mwenyekiti naye alikuwa amepeleka sungusungu walinde kiwanja hichohicho.

Saa nane za usiku nilikuwa nimejikunyata kati ya matuta mawili, nimejifunika shuka hadi masikioni kwa ajili ya mbu, nilipowaona watu wanne wakinyata bila tochi, marungu mkononi. Nikapuliza filimbi. Nao wakapuliza zao. Mmoja akapiga mwano, ukelele wa hatari, ule ambao sungusungu waliutumia kuwakimbiza wezi wa ng'ombe miaka ya mwanzo ya 1980, na kwa muda mfupi mtaa mzima ukawa nje na vitenge, mapanga na watoto wasiotaka kupitwa. Mtu pekee aliyekutwa ndani ya mahindi nilikuwa mimi.

"Unafanya nini humo?" aliuliza kamanda wao.

"Nalinda, mkuu."

"Unalinda nini?"

"Mahindi."

"Ya nani?"

Hapo ndipo sheria iliponitupa mkono. "Ya umma," nikajibu.

"Umma ndio sisi," akasema, akanishika ukosi.

Mzee wa Sikonge, ambaye angenitetea, akilala huwa hasikii hata treni. Mweka hazina alikuwa Urambo msibani. Wengine wa kikundi waliokuwapo kwenye umati walikumbuka ghafla kwamba mahindi yalikatazwa, wakajitambulisha kuwa wakulima wa mchicha. Nikapelekwa kwa mwenyekiti, nikakalishwa barazani, nikaandikisha maelezo ambayo kila aliyeyasoma alicheka kabla ya kuyafikisha mwisho.

Kulipokucha, mke wa mwenyekiti, mama mkarimu sana, alituletea chai pamoja na beseni la mahindi ya kuchemsha yaliyokuwa bado yanafuka moshi. Kamanda alichukua moja, akalimenya, akaling'ata, kisha akalisogeza karibu na taa na kuligeuza taratibu. Punje nyeupe, zambarau, nyeupe, zambarau mbili. Akanitazama, nami nikamtazama mwenyekiti, ambaye hana shamba, na ambaye uwanja wa nyumba yake ameumaliza kwa vyumba vya kupangisha.

"Mahindi mazuri haya, mwenyekiti," kamanda alisema.

Mwenyekiti alikohoa, akatangaza kwamba shauri langu limefutwa kwa kukosa ushahidi, huku akilisukuma beseni upande wa mbali wa meza. Nilimshukuru, nikamwomba kwa heshima zote aniongeze hindi moja la kwenda kuwaonyesha wenzangu wa kikundi. Aliniwekea sita ndani ya mfuko, akaufunga mwenyewe, na kuniomba nisisimame njiani.