Riviera ya 1965 iliyotunzwa: usilipie mng'aro

Tuseme zinauzwa Buick Riviera mbili za 1965, gari la Marekani la milango miwili. Moja imepigwa rangi mpya na injini yake imefanyiwa oveholi. Nyingine ina rangi ya kiwandani iliyopauka, mshono wa kiti cha dereva umefumuka na oili inadondoka tone moja moja. Kaikague ya pili kwanza. Kwenye rangi ya zamani, kila kovu la bodi linaonekana, na kwenye gari hili bodi ndiyo inayokula pesa.

Na bodi yenyewe inastahili kupiganiwa. Umbo hili lilitoka General Motors (GM), kampuni mama ya Buick, mwaka 1963, idara ya usanifu ikiongozwa na Bill Mitchell. Kwa macho yangu lilitimia mwaka 1965, pale yale matundu ya urembo nyuma ya milango yalipoondolewa, taa za nyuma zikaingia ndani ya bampa, na taa za mbele zikafichwa nyuma ya vifuniko vinavyofunguka kama kope. Mwaka huo zilitoka 34,586.

Wanunuzi wengi hukimbilia boneti. Injini ni V8 inayoitwa Nailhead, kwa kuwa vali zake ni ndogo kama vichwa vya misumari. Ya inchi za ujazo 401 (lita 6.6) ina nguvu za farasi 325, na ya 425 (lita 7) ina 340. Ni injini ngumu, na magonjwa yake yanatibika. Sili ya nyuma ya krankshafti ni ya kamba, hivyo kuvuja kidogo ni kawaida yake. Linalotisha zaidi ni gia ya kemshafti yenye meno ya nailoni. Nailoni huzeeka, hukatika, na vipande vikiangukia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) huziba chujio la pampu ya oili. Ukikuta vipande hivyo, badilisha gia na cheni kabla gari halijatembea tena. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, maana injini yenye moto haisemi ukweli. Pima kompresheni (mgandamizo) silinda zote 8: ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu kabisa.

Sasa kutu. Chukua sumaku ndogo, ivishe kitambaa laini, uipitishe taratibu sehemu za chini za madigadi, nyuma ya kila gurudumu, na ukingo wa chini wa milango. Inaponing'inia kilegevu, chini yake kuna puti. Kisha nenda kwenye kioo cha nyuma. Maji hutuama chini ya ule urembo wa chuma kinachong'aa unaokizunguka, hula bati pasipo kuonekana, halafu hudondokea ndani ya buti. Toa tairi la akiba, inua mkeka, mulika kwa tochi pembezoni. Michirizi ya kahawia inayotoka kwenye kioo kuja chini ina maana kioo lazima kitolewe ili bati lichomelewe upya, na hiyo si kazi ya siku mbili.

Halafu lala chini ya gari. Chesisi ina umbo la X, haina vyuma vya pembeni vinavyopita chini ya milango. Kwa hiyo kagua mikono midogo inayobeba pembe za bodi pamoja na mipira yake, kisha mpindo wa chesisi unaopita juu ya ekseli ya nyuma, mahali tope hukaa miaka. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Magari ya Michigan na Ohio, majimbo ya baridi huko Marekani, yamekanyaga barabara zinazomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu kila majira ya baridi. Ya Arizona, jimbo la jangwa, huwa na chesisi safi, ila jua huwa limepasua dashibodi na kukausha mipira ya milango. Mimi ningechukua la Arizona bila kusita, kwa sababu mipira inanunuliwa.

Vifuniko vya taa vijaribu mara tatu mfululizo. Vyote viwili vifunguke pamoja hadi mwisho, bila kukwama wala kusaga. Kimoja kikibaki nyuma, tatizo huwa mota, relei, swichi za kikomo au mafuta mazito yaliyoganda kwenye viungo. Angalia pia kama urembo wa zinki umeingia vidonda chini ya kromu. Kurudishia kromu sehemu zenye vidonda ni ghali mno, na nyingi za 1965 haziingiliani na za 1963 au 1964.

Muuzaji akisema ni Gran Sport, toleo lenye nguvu zaidi, asikutajie beji, kwani beji zinauzwa. Zilitengenezwa 3,354 tu, zikiwa na 425 yenye kabureta mbili, nguvu za farasi 360, na ekseli ya uwiano wa 3.42. Injini yake huwa na herufi LX. Bila LX, lipa bei ya Riviera ya kawaida. Namba ya gari la 1965, la kawaida au Gran Sport, huanza na 494475H.

Breki ni za dramu magurudumu yote, na masta silinda ina njia moja tu: mpira mmoja ukipasuka, pedali inazama na huna breki hata kidogo. Gari lililokaa muda mrefu libadilishiwe mipira mitatu na silinda ndogo nne kabla ya safari ya kwanza. Dramu za mbele za alumini zipimwe. Kipenyo kikizidi milimita 306.3 hazichongwi tena. Soma na tarehe za matairi: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi la zamani hivyo lihesabu limechakaa hata kama kashata zake ni nzima.

Matairi, breki na mipira ya petroli vipigie hesabu na uvitoe kwenye bei. Muuzaji mwaminifu atakuelewa. Ila mpindo ule wa juu ya ekseli ukiwa umetoboka, shukuru, funga buti, uendelee kutafuta nyingine.