Sumaku ya Mjomba

Mjomba wangu wa Hombolo, Dodoma, haamini fundi, anaamini sumaku. Aliing'oa kwenye spika ya redio mbovu, na sidhani kama kuna duka la vifaa pale Majengo ambalo hajaingia nayo. Ikinasa, kwake hicho ni chuma cha kushika kutu, anasusa. Isiponasa, kwake hiyo ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu, anatoa hela.

Alitaka chelezo cha kuwekea pampu bwawani, maji yapande kwenye zabibu zake. Fremu akaipata ya stenlesi, mabaki ya jiko la hoteli. Sumaku ikateleza, mjomba akacheka hadi gego la mwisho likaonekana. Kufika kwenye bolti, bei ya stenlesi ikamkata maini. Akachukua za chuma cha kawaida zilizopakwa zinki, maana nazo zinang'aa. Sumaku siku hiyo, ajabu ya Mungu, haikutoka mfukoni.

"Mjomba," nikamwambia, "maji ya Hombolo yana chumvi. Metali mbili tofauti zikigusana humo, umetengeneza betri. Ile dhaifu ndiyo inayoliwa, na hapa dhaifu ni bolti. Tena fremu kubwa, bolti ndogo, italiwa haraka! Afadhali ingekuwa kinyume."

"Mwanangu, mimi nimenunua bolti. Betri ninayo kwenye tochi."

Siku ya kuwaonyesha majirani pampu, akapanda juu ya chelezo, akasafisha koo. "Mbukwenyi!" Watu wakaitikia. "Hiki chombo," akasema, "mtawarithisha wajukuu," akapiga mguu chini kukazia neno.

Kwaa! Chelezo kikagawanyika. Pampu ikaenda zake kushoto, mjomba kulia, mpira wa maji katikati ukivutwa na wote wawili. Mkono bado ameunyoosha. Kijana mmoja ufukweni akapaza sauti: "Mzee, malizia hotuba!"

Tulipowavuta nikaokota bolti moja. Shingo imeliwa hadi ikawa kama njiti ya kiberiti, nati inazunguka haishiki kitu. Fremu haina hata doa.

Tukarudi dukani. Muuzaji akaweka bolti mbili za stenlesi mezani: moja kichwani imeandikwa A2, nyingine A4. A4 imechanganywa na metali iitwayo molibdeni, ndiyo inayohimili chumvi. A2 humo huanza kutoboka vitobo vidogo vidogo. Mjomba akatoa sumaku. Ikateleza kote kote. Akairudia. Ikateleza.

"Sasa ipi ni ipi?"

"Mzee wangu, soma kichwa."

Akanunua A4, kwa kununa. Nikamwomba tupake grisi kwanza, maana stenlesi kwa stenlesi ukiikaza kavu kwa nguvu, nyuzi za bolti na nati hung'ang'aniana. Nilipogeuka kuchukua kopo, ameshaning'inia kwenye spana. Nati ikafika katikati ikagoma: haiendi mbele, hairudi nyuma. Akaitikisa, akaigonga na nyundo, akaitikisa tena.

"Safi," akasema. "Hii hata mwizi hafungui."