Nani amlipe msaidizi wa kisheria wa kijijini?

Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, mashirika mengi yanayoelimisha wananchi kuhusu haki zao yalikumbushwa jinsi fedha ya mfadhili inavyoweza kukatika kwa tamko la siku moja. Kwa Tanzania swali hilo ni zito, kwa kuwa tangu 2011 wasaidizi wa kisheria wa vijijini, wanaowaeleza wanakijiji haki zao, wametegemea kwa kiasi kikubwa mfuko wa msaada wa kisheria wa LSF (Legal Services Facility), ulioanza kwa fedha za Denmark na baadaye kuungwa mkono na Umoja wa Ulaya. Je, sasa serikali ibebe gharama hizo?

Wapo wanaokataa, na hoja yao si ya kubezwa. Elimu ya haki humwezesha mwananchi kumhoji mtendaji wa kijiji, polisi na mkuu wa wilaya. Anayelipwa na serikali hiyohiyo atapata wapi ujasiri wa kulifundisha somo hilo mpaka mwisho? Wanaitaja pia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023 chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Imewafikia watu wengi mkoa kwa mkoa, lakini haki ikibeba jina la kiongozi aliye madarakani, anayeipata huweza kuiona kama fadhila. Wengine huuliza kwa nini fedha ziende huko ilhali kuna zahanati zisizo na dawa.

Hata hivyo, tuangalie kinachotokea kijijini. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Zaidi ya miaka 40 baadaye, bado wapo wanawake wanaoachika na kuondoka na kanga zao tu, wakiamini kwamba asiyewahi kuajiriwa hana chake. Au tuchukue migogoro ya ardhi: tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi tena hukumu, na likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30 mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiyelijua hilo ataendelea kuhudhuria vikao vya kata msimu baada ya msimu, huku mwenzake akilima shamba linalogombaniwa. Kambi ya kampeni ya Mama Samia ikishafungwa, atakayemweleza ni msaidizi wa kisheria mwenye daftari lake, aliyesajiliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, asiyeruhusiwa kumwakilisha mtu mahakamani, anayejitolea bila mshahara na mara nyingi akijilipia nauli. Huyu ndiye anayesahaulika katika mjadala wote, na ndiye ninayemtetea.

Hofu ya fedha ya serikali inajibika kwa kuangalia njia inayopitia. Vyama vya upinzani vyenye sifa hupata ruzuku ya serikali kwa mujibu wa sheria, na havijaacha kuikosoa. Mshahara wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, na ripoti zake huianika serikali kila mwaka. Azimio la Umoja wa Mataifa la 2011 kuhusu elimu ya haki za binadamu nalo linaweka wajibu wa kwanza kwa dola, si kwa wafadhili.

Mfano wa karibu ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni kweli kwamba mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 kabla ya kurejeshwa 2024, kwa hiyo sheria peke yake si kinga kamili. Lakini fungu lililomo katika sheria lilidaiwa hadharani, bungeni na mitaani, mpaka likarudi. Fungu kama hilo kwa wasaidizi wa kisheria halihitaji kuwa kubwa wala kuitwa kwa jina la mtu. Ugumu uliobaki ni kwamba halmashauri zenye mapato madogo ndizo mara nyingi zenye vijiji vya mbali zaidi na mahakama, kwa hiyo Hazina italazimika kuziongezea, na kiasi hicho kipangwe na Bunge, si na wizara.