Mama Mkwe na Volti Hasi

Kuhusu hali ya chombo, muuzaji alikuwa ameandika maneno mawili tu: "inawaka vizuri". Picha aliyoambatisha ilionyesha multimita ya mezani, yaani chombo cha kupimia umeme, pana na nzito, yenye sifuri tupu kwenye kioo chake, na kwa kuwa sifuri ni namba ambayo multimita nzima na multimita mbovu huweza kuionyesha kwa ufasaha uleule, picha hiyo haikuthibitisha lolote zaidi ya uhai wa taa. Kibandiko cha ugezi, kile kinachoeleza ni lini chombo kililinganishwa mara ya mwisho na kipimo cha kuaminika, kilikuwa kimekwanguliwa kwa ustadi mkubwa. Nilinunua hata hivyo. Multimita ya tarakimu sita na nusu ikiwekwa kwenye kiwango cha volti 10 hutambua tofauti ya mikrovolti 10, yaani sehemu kumi za milioni za volti, na mtu aliyezoea kupima betri kwa kimita cha mkononi akisikia hivyo hasikii jambo lingine tena.

Ile nusu ndiyo iliyoleta mjadala wa kwanza nyumbani. Shemeji yangu, aliyekuja na mama yake kututembelea, aliniuliza kwa huruma kama muuzaji alipunguza bei kwa ajili ya nusu iliyopotea. Nilimweleza kwamba tarakimu ya kwanza kushoto huitwa nusu kwa sababu haivuki moja, ilhali nyingine zote hufika tisa, na kwamba hata HP 3458A, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989 na ambayo mafundi wengi bado huiota, ina tarakimu nane na nusu. Akatikisa kichwa, akasema kumbe hata wakubwa walishindwa kuimalizia.

Chombo cha namna hii huachwa kikiwaka kwa takriban saa nzima ili joto la ndani litulie kabla ya kuaminiwa. Nilikiwasha, nikachomeka nyaya zake bila kuziunganisha na kitu chochote, nikakaa kusubiri. Namba hazikusubiri: zilipanda, zikashuka, zikaenda hasi, zikarudi. Huo si ugonjwa. Katika kiwango cha volti 10 ukinzani wa ndani waweza kuzidi gigaomu 10, yaani omu bilioni kumi, kwa hiyo nyaya zinazoning'inia huitikia chaji yoyote inayopita jirani, ikiwemo ile inayojikusanya kwenye nguo za nailoni zinaposuguana na mwili. Maelezo haya ni sahihi na hayakumvutia mtu yeyote, kwani shemeji alikuwa ameshagundua kwamba akiikaribia meza katika shati lake la kumetameta, kioo kinapanda hadi volti 7.

"Inanipima," alitangaza.

Kuanzia hapo chombo cha maabara kikawa mashine ya kupimia watu. Watoto walipata mbili na ushei, mke wangu akapata nne, na jirani aliyekuja kuazima ngazi akaondoka na tano, ngazi akaisahau. Mimi, katika shati langu la pamba, nilipata sifuri na vipande, jambo ambalo shemeji alilipokea bila mshangao wowote. Ndipo mama mkwe, ambaye muda wote alikuwa kwenye kochi akijifanya hatazami, alipoinuka, akajitengeneza gauni, akasogea mezani. Kioo kikaandika 3.2, na mbele yake, bila haya, kikaweka alama ya kutoa.

"Hicho kistari ni cha nini, mwanangu?"

Nilijua jibu lote. Alama hutegemea aina ya kitambaa na pia kama mtu anakuja au anaondoka. Angerudi nyuma kidogo tu, kistari kingefutika. Lakini ni mkwe gani atakayemwambia mama mkwe arudi nyuma? Nilijaribu kumkonyeza shemeji amwambie yeye. Shemeji akadhani namkaribisha kucheka, akacheka. Mama, kwa upande wake, aliamua kwamba tatizo ni umbali, akazidi kusogea, na kila hatua ikamzamisha zaidi: hasi nne, hasi sita.

Hapo kapasita, kijisehemu cha kuhifadhi chaji, ikaingilia kati. Vyombo vingi vya zamani vina, kwenye filta ya umeme wa ukutani, kapasita za karatasi iliyopakwa metali zilizofunikwa kwa plastiki ngumu. Miaka ikipita ganda hupata nyufa, unyevu huingia, na siku moja, ikipewa umeme kwa muda wa kutosha, kapasita huchemka mpaka kupasuka. Muuzaji, naamini, aliiwasha kwa muda wa kupiga picha tu. Ulisikika mlio mkavu, kisha ukatoka moshi wa kahawia wenye harufu kama mpira unaoungulia ndani ya duka la dawa.

Mama mkwe akaruka nyuma hatua mbili, na fizikia ikatimiza ahadi yake papo hapo: kistari kikatoweka, kioo kikasoma 8.4. Kazi ya kapasita ile ni kuchuja tu kelele za umeme, hivyo kifo chake hakikuizuia multimita kuendelea kupima. Mama akasimama imara ndani ya moshi.

"Nane! Andikeni! Usiguse kitu, mwanangu, mpaka kaka yenu aione."

Kaka yetu, yaani shemeji, alikuwa ameshafika nje. Nikabonyeza swichi. Kioo kikazimika, moshi ukaendelea, kwa kuwa filta imewekwa kabla ya swichi na hupokea umeme maadamu plagi iko ukutani.

"Namba yangu umeizima," alisema Mama akikohoa, "moshi umeuacha."

Nikang'oa plagi. Baadaye niliweka kapasita ya plastiki ya daraja la X2, lile la usalama kwa umeme wa ukutani, nikapima chanzo rejea, kile kinachotoa volti 10 za kuaminika, multimita ikasoma 9.99987, yaani pungufu ya mikrovolti 130, heshima kubwa kwa chombo kisicho na kibandiko. Shemeji alidai watu wote wapimwe upya, akisema matokeo yaliyopatikana ndani ya moshi hayahesabiki. Mama mkwe alikataa katakata: chombo kikishafunguliwa na fundi, alisema, vipimo vyake haviaminiki mpaka kilinganishwe upya. Kwa mujibu wa kanuni za ugezi, ana haki kabisa, na nane yake inasimama.