Salamu Kwanza, Kikosi Baadaye

Lile kundi letu la WhatsApp picha yake ni mzinga wa Arsenal. Maelezo yake yako kwa herufi kubwa, na admini anayarudisha kila akikumbuka: HAPA NI ARSENAL TU. HAKUNA SIASA, HAKUNA DINI, HAKUNA BIASHARA. Sasa niambieni, wana Moshi wenzangu, kwa nini mimi najua parachichi zinauzwaje Kiborloni, najua mama mkwe wa jamaa wa Pasua anasumbuliwa na goti la upande gani, ila goli la juzi nimelisikia kwa kondakta wa Hiace?

Siku inaanza alfajiri, jogoo wa jirani bado anajifikiria. Mtu anatupia picha ya waridi na kikombe cha chai kinachofuka: "Mungu ametupa siku nyingine, wapendwa." (HAKUNA DINI hiyo.) Zinafuata amina. Amina. Amina sana. Amina kaka. Amina mtumishi. Simu inatetemeka juu ya stuli mpaka inaanza kutembea yenyewe kuelekea ukingoni. Mke wangu anageuka:

"Kuna msiba?"

"Hapana, ni Arsenal."

"Wamefungwa?"

"Leo hawachezi."

Anavuta blanketi lote, na Julai ya Moshi mnaijua wenyewe.

Amina zikiisha, unakuja mlima. Kama hukai huku huwezi kuelewa. Mlima ukifunguka asubuhi, yaani mawingu yakiachia ukaonekana mpaka juu, kila mwanachama anajiona ameuona yeye peke yake. Jamaa wa Kiborloni anatuma picha. Wa Soweto anatuma picha. Wa Rau naye. Wa Pasua anatuma ya kwake ina nguzo ya umeme katikati na kaptula imeanikwa. Mlima ni uleule, jamani! Mita 5,895, haujaongezeka tangu jana. Bando langu linakatika kwa ajili ya kitu ambacho nikifungua dirisha la choo nakiona bure.

Na walioko Dar lazima wachangie: "Daah, nimepakumbuka nyumbani." Kumbuka kimyakimya basi. Halafu mmoja wa Rombo anachokoza, eti wao ndio wanauona vizuri, sisi wa mjini tunaona mgongo. Hapo ndipo vita inaanza. Kibo dhidi ya Mawenzi, Marangu wanaingilia, Machame wanakataa kunyamaza, admini anatishia kufunga kundi. Siku ya mechi na Tottenham hatufikishi hata nusu ya ujumbe huo.

Mimi ni mtu wa mpira. Jumamosi moja, saa inakaribia, nikauliza kwa adabu: "Wakuu, kikosi kimetoka?"

Kimya. Tiki mbili za bluu zimejipanga. Halafu mtu mmoja, tena muuza spea ninayemheshimu, akajibu: "Kaka, salamu kwanza."

Sawa. Shikamooni walio wakubwa, wengine mambo vipi. Marahaba. Poa. Poa sana mkuu. Watoto hawajambo? Hawajambo. Huko Kibosho mvua imenyesha? Imenyesha ya kutosha, migomba imeshukuru. Na yule mzee alitoka hospitali? Alitoka, anakula mtori. Tumshukuru Mungu. Tulipomaliza kushukuru mechi ilikuwa mapumziko.

Anayejitahidi ni mzee mmoja tunamwita Meku, mwalimu mstaafu. Yeye haandiki, anatuma sauti. Mwanzo wake ni uleule: "Halo. Halo. Hii imeanza? Eeh, naona inahesabu. Halo." Hapo anapita kuku, mjukuu anaulizia hela ya sukari, Meku anamwelekeza koti gani, mfuko gani, na chenji irudi. Halafu sasa inakuja hotuba. Wenger alikuja 1996, hakuna aliyemjua. Msimu wa 2003/04, mechi 38, kushinda 26, sare 12, kupoteza hakuna. "Hakuna!" anarudia, na unasikia anapiga paja. Vijana waliozaliwa baada ya hapo wanamjibu kwa stika za kucheka, maana wao Arsenal wanayoijua ni ya nafasi ya pili misimu mitatu mfululizo, kuanzia 2023 mpaka 2025. Mimi Meku simlaumu. Angalau anazungumzia timu.

Mada nyingine ya mpira inayopata wachangiaji ni saa. Siyo nani kacheza vizuri, ni saa ngapi. Mechi ya saa 9 alasiri ya kwao, huku kwetu inaanza saa 11 jioni. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza wanarudisha saa zao nyuma, kwetu inasogea mpaka saa 12. Ni hivyo kila mwaka, na kila mwaka kundi linashtuka upya. Mwenye kibanda umiza pale Majengo alishaandika kwa chaki ARSENAL SAA 11, watu tumeshalipa kiingilio, tumebanana kwenye benchi, kwenye runinga kuna filamu ya Kichina inayotafsiriwa na mtu mwenye mafua. Jamaa anatoka na kiganja, anafuta ile 11, anaandika 12, hatuangalii usoni. Ndani ya kundi moto umewaka: mabeberu wanatuchezea muda! Mmoja mwenye elimu yake akaeleza taratibu kwamba sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu haurefuki wala haufupiki wa kutusumbua, ndiyo maana hatugusi saa. Akaulizwa: "Kwa hiyo basi la Dar nalo linachelewa kuondoka?" Akajitoa kundini. Admini akamrudisha jioni ileile, kwa sababu alikuwa hajamaliza mchango wa harusi.

Harusi! Kundi lina mweka hazina. Timu iko London, mweka hazina wa nini? Kumbe ni wa harusi, misiba na mtu kuuguliwa. Orodha inashuka kila baada ya chakula cha mchana, majina na ahadi, waliolipa wana alama ya tiki ya kijani, ambao bado wanaandikiwa "tunamkumbusha ndugu yetu." Mimi ndugu yao nakumbushwa katikati ya penalti.

Humo ndani yumo pia mshabiki wa Manchester United. Hajifichi, picha yake amevaa jezi nyekundu yenye shetani kifuani. Nikamfuata admini pembeni: huyu vipi? Akanijibu, "Kaka, yule ana kenta. Mtu wa kenta hana timu."

Desemba ndiyo usiguse. Wachagga wanarudi kuhesabiwa, na kundi linageuka stendi. Tiketi zimepanda, basi limeharibika Korogwe, nani anachinja lini, kisusio kwa nani, mbege ya fulani mwaka jana ilikuwa chachu. Wenzetu Uingereza ndipo wanapocheza mfululizo, mechi juu ya mechi, na hakuna anayejua matokeo. Mkesha wa mechi moja kubwa nikaona picha imeandikwa "Kikosi cha kesho." Moyo ukaruka. Nikafungua mbio, bando lenyewe la mwisho. Mbuzi wanne wamefungwa kwenye mgomba, mmoja anakula kamba yake. Chini mtu ameuliza kwa makini kabisa: "Huyo mweupe ni beki wa kati?" Akajibiwa: "Ameshauzwa."

Msiniambie nijitoe. Ukijitoa admini anapata taarifa, na kesho yake watu wako mlangoni na sukari kilo mbili kuuliza kama nyumbani kuna tatizo.

Jumamosi iliyopita tukafunga dakika za lala salama. Kibanda kizima juu, benchi limepinduka, mtu nisiyemjua amenikumbatia na chipsi zake mkononi, shati limelowa tomato. Nikasema leo lazima. Nikatoa simu, nikaandika GOOOOOLI, nikazijaza hizo O mpaka kidole kikachoka, nikatuma.

Papo hapo chini yake: "Habari za jioni wadau. Nani ana namba ya fundi wa pampu ya maji?"

Nikaangalia. Ninayo. Niliipata humohumo. Nikamtumia.

"Aika mbe, kaka, ubarikiwe sana. Hivi leo tunacheza?"